Neno la Mstari wa Tatu

Pujini, Pemba
18 Jamadi-l-awali 1379. Muhuri wa posta utakwambia 19 Novemba 1959

Kwa mwanangu Hija bin Pandu, karani wa posta, Unguja,

Salamu hizi zikukute umekula ukashiba, weye na mkeo Khairiya. Siye wazima. Goti la mamako Mwatum limeanza tena, anapanda kitandani kama anapanda mnazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Anakusalimu na anauliza kwa nini huandiki. Nimemwambia mtoto ni katibu wa chama cha watu wa barua, ana kazi za watu. Karafuu zimezaa hata matawi yanalala chini. Shamba alilokuachia marehemu babako nalitazama kama langu, nimetia wachumaji kutoka Mgogoni. Yule ng'ombe mwekundu kazaa dume.

Miye ami yako ni vile vile. Mwaka wa thelathini na moja huu nabeba mfuko wa barua, Chake mpaka Kengeja. Masika ile iliyochukua daraja nilivuka na mfuko kichwani, maji yakiwa hapa, shingoni, na hapana barua hata moja iliyopata unyevu. Posta nzima ya Pemba hapana mwengine. Mabruki, yule tarishi wa njia ya Mgogoni, anapenda kusema mbele za watu kwamba niliwahi kupeleka barua ya Mgogoni Kengeja. Mwongo. Karani ndiye aliyeipanga vibaya. Na mwisho wa mwezi tukipanga mstari wa mshahara, wenzangu wote wanane wanatia kidole, miye napewa kalamu. Kificho bin Hamad, kwa herufi za chuoni za Kiarabu, bila ya kunyanyua mkono. Tangu nizaliwe kidole changu hakijaingia wino.

Sasa nisikilize. Kuna maneno huku. Vuai, karani wa kaunta, kasema wakubwa wa posta na nyiye wa chama mnakaribia kupatana juu ya mishahara. Kasema watu wa ndani, wanaokaa vitini, wataongezwa shilingi thelathini, na siye wa njiani shilingi nane. Nane ningeimeza. Lakini kasema kuna sharti: tarishi asiyejua kusoma herufi za Kizungu atatolewa kwenye daftari la watumishi awe kibarua. Hana likizo, hana kiinua mgongo, akiugua siku mbili njia yake anapewa mwengine. Nyange ana miaka ishirini na sita njiani na mguu wake mmoja unavuta. Kibarua gani atakuwa yule?

Basi tumekutana Ijumaa baada ya sala, nyuma ya posta penye magunia. Mabruki akasema, "Tukatae. Lakini nani atatufikishia neno Unguja? Makarani?" Nikasimama. Nikasema, "Katibu mwenyewe ni mwanangu. Nimemlea miye na mke wangu Mwatum tangu babake kafa, nimemfunza alifu kwa kijiti mchangani. Nikimwandikia hatutaki, atasema hatutaki." Mabruki akasema, "Mzee, weye ukisifu mtu lazima upite kwako kwanza." Wakacheka, lakini jambo wakaniachia miye.

Tumekataa, watu tisa, hapana aliyebaki nyuma. Sema hivyo kwenye mkutano wenu mkubwa. Pemba wamekataa.

Ami yako Kificho bin Hamad, kwa mkono wake.


Unguja, 8 Desemba 1959

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama Mwatum mfikishie shikamoo yake mbali, asije akasema nimewachanganya katika moja. Nakuandikia kwa herufi zako za chuoni, ingawa mkono wangu siku hizi umezoea taipu, kwa hiyo nisamehe zikiwa zimepinda.

Khairiya ana mimba ya miezi saba. Hajambo ila miguu inamvimba, na anatamani muhogo wa Pujini, ati wa hapa hauna ladha. Tumehama ile nyumba ya zamani. Hii ina taa za umeme. Kwa parseli nimemletea mama chupa ya dawa ya kuchua goti; asiinywe.

Yale uliyoniandikia nimeyasoma yote. Mambo ya chama ni marefu, ami, na barua haiyatoshi. Mazungumzo yanaendelea, na hilo la herufi nalo linazungumzwa. Nakuomba uwatulize wenzako.

Ndani ya bahasha hii imo karatasi yenye majina ya matarishi wote tisa wa Pemba. Imepigwa chapa kwa Kizungu kwa kuwa ndivyo ofisi inavyotaka. Kila mmoja atie kidole mbele ya jina lake, nayo inifikie kabla ya tarehe ishirini. Sitaki ipite kwa Vuai wala karani mwengine, watu wa ndani wana yao. Ipite mkononi mwako tu. Wewe ndiye mzee wao, na neno lako wanaliamini.

Khairiya anakusalimu sana.

Mwanao, Hija


Pujini, Pemba
14 Jamadi-l-akhir, posta 15 Desemba 1959

Mwanangu Hija,

Salamu zetu nyingi, na za mkeo ziwe kubwa zaidi kwa kuwa yeye anabeba watu wawili. Muhogo unakuja, nimeutia kwenye kikapu na jina lako limeandikwa. Mamako dawa kaipaka siku moja akasema inanuka kama nyumba ya maiti. Siku ya pili kaipaka tena. Siku ya tatu nimemkuta anakwenda kisimani mwenyewe, lakini hasemi kama ni dawa yako.

Karatasi imefika. Mfuko wa Unguja naufungua miye, kwa hiyo hapana jicho jengine lililoiona. Nimewaita wenzangu palepale penye magunia, nikachukua kile kidau cha wino cha ofisi, nikawaambia njooni mmoja mmoja.

Mabruki kasimama na mikono nyuma. "Isome kwanza, mzee."

Nikasema, "Nimeisoma."

"Lini?"

"Nilipokuwa natembea. Miye nasoma natembea."

"Inasemaje?"

Nikamwambia, "Inasema siye matarishi tisa wa Pemba, tumekaa, tumezungumza, na maneno ya wakubwa hatuyataki. Kama tulivyosema Ijumaa ile. Unataka niiimbe?"

Wakacheka. Nyange akatia kidole cha kushoto, ikabidi afute atie cha kulia, sasa mbele ya jina lake pana doa kama kunguni kapondwa. Usijali, ni yeye. Mabruki alikuwa wa mwisho. Aliitazama karatasi muda mrefu, kama mtu anayetazama samaki hajui wa lini, kisha akasema, "Natia kwa sababu yako, mzee Kificho. Si kwa sababu ya mwanao." Akatia. Miye nikashika kalamu nikaandika jina langu zima, kwa herufi zetu, wakubwa waone kuwa Pemba wapo wanaoandika.

Bahasha nimeipiga lakiri kwa mkono wangu. Ilibaki kidogo niichukue mwenyewe mpaka melini.

Kuna jambo moja dogo, wala si kitu. Nilipoisoma nilikuta neno moja katika mstari wa tatu sikulishika vyema. Si kwamba silijui, chapa yake ilififia. Ni fupi, mwisho lina mlingoti umekatwa na kijiti juu. Nadhani ndilo lile la hatutaki. Niandikie kama ndilo.

Ami yako Kificho bin Hamad.


Pujini, Pemba
21 Rajab, posta 20 Januari 1960

Mwanangu Hija,

Salamu. Siye wazima na tunaomba nyiye mzidi. Karafuu za vuli zimekauka vizuri, za babako nimeziuza pamoja na zangu, fungu lako lipo. Mamako anahesabu miezi ya Khairiya kwa vidole na kila siku anapata hesabu nyengine.

Sina barua yako. Siwezi kusema labda imepotea, kwa kuwa mfuko naufungua miye. Nimeufungua mara nne tangu niitie lakiri ile karatasi. Watu wa Kengeja wamepata barua, hata yule bibi kiziwi aliyeko mwisho wa kijiji kapata. Yako haimo.

Vuai kanambia kitu leo, tena kwa sauti ya kufurahi. Kasema umepewa cheo, umetolewa kwenye kaunta ukawekwa chumba chako peke yako na meza yenye droo. Nimemwambia naam, najua, mwanangu kaniandikia zamani. Ilinibidi niseme hivyo, watu walikuwa wanasikiliza. Lakini hukuniandikia.

Hebu nijibu lile neno la mstari wa tatu. Halinikoseshi usingizi, nataka kulijua tu.

Kificho bin Hamad


Unguja, 6 Februari 1960

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo, na furaha kubwa. Khairiya kajifungua mtoto wa kiume siku ya Jumatano, salama, sauti yake inasikika mtaa wa pili. Tumempa jina lako. Kificho bin Hija. Babake Khairiya alitaka jina la upande wao, nikasema hapana, huyu ana mtu aliyenilea mimi. Mwambie mama Mwatum ana pua yake.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, na hilo la chumba ni kweli, nilikuwa nataka kukwambia kwa mdomo.

Mapatano ya mishahara yametiwa saini tarehe 28 Januari. Yatatumika kuanzia tarehe mosi Aprili. Mtaletewa waraka. Yamo mambo mazuri na yamo ambayo hayakuwezekana, ndivyo mapatano yalivyo. Wewe mwenyewe usiwe na wasiwasi hata kidogo. Katika orodha ya matarishi wanaojua kusoma jina lako nimelitia. Utabaki kwenye daftari, utapewa beji mpya ya shaba na nyongeza yako, na kiinua mgongo chako kipo pale pale. Nililishughulikia hilo kabla ya jengine lolote.

Mtoto analia. Nitaandika kwa urefu.

Mwanao, Hija


Pujini, Pemba
5 Ramadhani, posta 3 Machi 1960

Hija,

Salamu, na mtoto Mungu amkuze. Mamako kapiga vigelegele mpaka jirani wakaja na vijiko wakidhani kuna ubwabwa. Nilikaa nje nikasikia jina langu linaitwa na wanawake ndani ya nyumba kama jina la mtoto, nikacheka peke yangu. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho niliyocheka.

Waraka umekuja. Pamoja nao imekuja ile karatasi yetu ya vidole, nakala yake, na doa la Nyange limo. Vuai katuita wote tisa mbele ya kaunta akasoma, akitia Kiswahili mstari kwa mstari. Nakuandikia kama alivyosema, ingawa weye wajua, weye ndiye uliyeipiga chapa: "Sisi ambao majina yetu yamo hapa chini, tumesomewa mapatano haya kwa lugha yetu. Tumeyafahamu. Tumeyakubali yote."

Mstari wa tatu, Hija. Lile neno fupi lenye mlingoti mwishoni. Ndilo la kukubali.

Nilisikia mtu anagonga muhuri chumba cha nyuma, tap, tap, tap. Kisha Vuai akasoma orodha ya wanaobaki kwenye daftari kwa kuwa wanajua kusoma. Kwa Pemba, upande wa njiani, jina moja. Langu.

Mabruki akanigeukia. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa bora. "Mzee, siku ile ulisoma upande gani wa karatasi?"

Nikasema, "Mabruki yakhe, wallahi…"

"Usiape. Tumefunga. Nambie tu umetuuza kwa nini. Kwa beji?"

Nyange alikuwa amekaa kwenye gunia, mguu wake mbele. Akasema taratibu, "Mwacheni. Ana mjukuu wa jina." Kumbe habari ya mtoto nilikuwa nimemwambia yeye kabla ya watu wote, asubuhi ile barua yako ilipofika, kwa furaha.

Sasa fahamu nilipo. Wanasema nimewauza. Nikitaka kusema sikuwauza, lazima niseme la pili, na la pili weye wajua ni lipi. Hapana la tatu. Usiku wa tarawehe msikitini nafasi ya kulia kwangu na ya kushoto kwangu ziko wazi, na msikiti wetu si mkubwa.

Miye sikuombi mshahara, wala sikuombi beji. Naomba barua moja. Waandikie matarishi wenzangu useme karatasi ile uliitunga weye, na ami yako hakujua iliyomo. Andika kwa herufi yoyote, Vuai atawasomea. Miye nikisema mwenyewe itakuwa maneno ya mzee anayejitoa. Weye ukisema, itakuwa kweli.

Ami yako


Unguja, 19 Machi 1960

Ami yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema katika kumi hili la mwisho. Mtoto ana siku arubaini na zaidi, kanyolewa nywele, nimewaleteeni picha yake. Nywele zenyewe ni chache kama zako.

Barua uliyoitaka siwezi kuiandika. Nikiiandika leo, kesho nimetoka chumba hiki, na si mimi tu. Huku watu wa ndani zaidi ya mia moja wamepata haki waliyoidai miaka sita. Wakubwa walisema wazi: bila ya Pemba hawatii saini, na bila ya sharti la herufi hawatoi thelathini. Nilipima. Watu wanane kwa watu mia. Na katika nyinyi tisa, mmoja nikamtoa kwa mkono wangu asiguswe. Nilitaraji siku moja ungenishukuru kwa hilo.

Pia, ami, nisingependa kuyasema haya, lakini umenilazimisha. Uliniandikia kwa mkono wako kuwa umeisoma, na kuwa umewaambia inasema nini. Barua hiyo ninayo. Mimi sikukwambia popote kuwa karatasi ni ya kukataa. Ungeniuliza kabla ya kutia vidole, ningejibu. Hukuuliza. Na mimi nilijua hutauliza.

Nilipokuwa skuli ni mimi niliyekuonesha kwenye bahasha mikia ya Kengeja na vilima vya Mgogoni, tumekaa juu ya ngazi ya nyuma, na ulinambia nisimwambie mtu. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Njooni kwa Idi, wewe na mama. Nauli nitaituma. Jambo hili litapita.

Mwanao, Hija


Pujini, Pemba
23 Mfunguo Mosi. Posta 20 Aprili 1960

Kwa Hija bin Pandu,

Salamu. Mamako mzima. Idi tumesalia hapa hapa. Nauli uliyoituma imo ndani ya barua hii, sikuikunjua. Picha ya mtoto mamako kaiweka ndani ya sanduku la nguo zake nzuri na anaifungulia kila siku kama mtu anayeangalia kama mkate umeiva.

Tangu tarehe mosi wenzangu wote wanane ni vibarua. Wanasimama mlangoni asubuhi kungoja kuitwa. Miye nikapewa beji ya shaba, nikaitia mfukoni. Wiki nzima nimetembea na mfuko mpaka Kengeja na hapana mtu Posta ya Chake aliyenijibu salamu ila Vuai, na salamu ya Vuai nisingeitaka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile yako naweza kuisoma, hiyo ni herufi yangu. Nimefika kila mara pale uliposema nilijua hutauliza, na kila mara nimesimama hapo kama baskeli iliyotoka mnyororo. Wenye kunijua duniani ni wawili, mamako Mwatum na weye. Yeye kanijua miaka arubaini na hajapata kunitumilia. Weye ulinijua vizuri zaidi, ukakaa mezani ukaandika "ipite mkononi mwako tu."

Nikampelekea Mabruki shauri. Nilikwenda kwake mchana, nikasimama uwanjani mpaka mkewe akaona haya akanipa kigoda. Nikamwambia wamwandikie bwana wa serikali anayeshughulika na mambo ya wafanyakazi, wamwambie vidole vile vilitiwa bila ya karatasi kusomwa. Mabruki akasema, "Na nani atashuhudia kuwa haikusomwa?" Nikasema, "Aliyeisoma." Akanitazama, akaacha kumenya muhogo wake. Kesho yake barua ikapelekwa.

Bwana yule kaja Jumatatu. Kijana, anasema Kiswahili cha kitabuni, jasho linamtoka. Tulikuwa wote tisa, na Vuai, na makarani wamejazana mlangoni. Akaniuliza, "Mzee, wewe umo katika orodha ya wanaojua kusoma. Ulipowaambia wenzako karatasi inakataa, uliwadanganya kwa makusudi?"

Nikasema, "Hapana."

"Basi?"

Hija, nimevuka mito. Nimewahi kulala njiani na homa juu ya mfuko wa serikali nisiuache. Nilidhani najua jambo zito ni lipi. Nikaona Nyange anainamisha kichwa ili asinione.

Nikasema, "Bwana, miye najua alifu mpaka ye, na Kurani yote nimeikhitimu. Herufi hizi zenu sizijui. Miaka thelathini na moja najua sura zake tu. Kengeja inaanza na mtu aliyerusha teke, kati ina mikia miwili. Mgogoni inaanza na vilima, nayo ina mikia miwili, na siku moja mwandishi kaandika vilima vibaya nikaipeleka Kengeja. Karani hakukosea. Nilikosea miye. Na karatasi ile niliishika nikaitazama kama ninavyotazama bahasha. Sikuisoma. Niliwaambia kile nilichotaka kiwemo."

Karani mmoja mlangoni akacheka. Mabruki akageuka akamwambia, "We, nenda kagonge mihuri yako."

Bwana akauliza nani aliniletea karatasi. Hapo nilikuwa nimekwisha jitayarisha, lakini mkono ulikuwa mzito. Miye sijapata kutoa barua ya mtu kumpa asiyeandikiwa, hata wakati wa vita polisi walipokuja kutaka ya Mhindi mmoja wa duka, niliwaambia mpaka bwana posta aseme. Nikatoa zako. Ya Desemba, na ya Machi. Nikazisoma mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa hizo ni herufi ninazozisoma, na Vuai akaziandika kwa Kizungu. Ile yangu ya kusema nimeisoma, ambayo umeniambia unayo, ilete ukitaka. Nimewaeleza iliyomo kabla hujaleta.

Wakaandika ushahidi wangu. Vuai akanisomea. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Nikamwambia Mabruki, rudia uliyosikia, akarudia mstari kwa mstari mpaka wa tatu. Wa tatu unasema: "Sikuweza kuisoma." Kisha bwana akanipa kalamu, kalamu nzuri, ya dhahabu mdomoni. Alikuwa kaambiwa kuwa miye naandika.

Nikaisukuma. Nikasema, "Karatasi hii siwezi kuisoma. Siwezi kuiandikia jina. Leteni wino."

Nyange ndiye aliyekileta kile kidau. Akanishika kidole mwenyewe, maana sikujua kinatiwa vipi, nilikuwa nakikandamiza kama ninapiga lakiri. Akanambia, "Kizungushe, mzee. Kizungushe tu. Taratibu."

Vidole vya wanane vimewekwa kando mpaka waulizwe upya, kwa Kiswahili, mbele ya bwana yule. Akasema inaweza kuchukua miezi, na hakuahidi. Beji nimeirudisha palepale. Jana asubuhi nilisimama mlangoni pamoja na vibarua wengine, nikawa wa tisa. Mabruki akanisogezea nafasi, akasema, "Mzee, hebu nambie, Mkoani inaanza na vilima vingapi?" Nikamwambia viwili, na mkia haina. Akasema, "Basi weye ni mwanachuoni."

Weye watakuita. Sijui watakufanya nini, na sikuombei baya wala zuri. Shamba la babako litaendelea kutazamwa, hilo ni la marehemu. Mtoto mwacheni na jina lake. Mamako atakuja kumwona baada ya masika. Atakuja peke yake.

Barua zangu zote ulizonazo, tangu ulipokwenda Unguja, utakuta mwisho wake jina langu, kwa mkono wangu, kwa herufi nilizokufunza mchangani. Hapa hulikuti. Weye unajua kusoma kila kitu, basi soma na hiki.

(Alama ya kidole gumba cha kulia, wino wa posta)